Mvua Ndani ya Karavani ya Mavyaa

Barua zenu zimenifika, Zuhura na Mwanaisha, na nashukuru kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza hali yangu. Nyote mmeuliza karavani. Kumbe habari imeshafika Kibokoni, kwamba Yusufu wangu alifunga nyumba nyuma ya gari akaivuta mpaka kaskazini ya Uingereza, na mamake akiwa mbele kwa dereva akitukana njia nzima. Yote ni kweli isipokuwa hilo la kutukana njia nzima. Kuna mahali alilala kidogo.

Basi ketini, niwape tangu mwanzo, maana nimechoka kuisimulia kwa vipande.

Kabla ya kutoka

Karavani ni nyumba ya bati yenye magurudumu mawili. Wakati wa joto Waingereza huifunga nyuma ya gari zao, wakaenda kukaa kwenye uwanja wa matope kwa hiari yao, wakanywa chai. Sisi hatukuitaka kwa starehe hiyo. Nyumba yetu ya Southall ina familia tatu, zote zimeshuka kwenye ndege mwaka mmoja na masanduku yao kutoka Mombasa na Nairobi, na asubuhi kwenda chooni ni foleni kama ya hospitali. Mavyaa yangu, mamake Yusufu, alipopata ruhusa ya kuja, hapakuwa na mahali hata pa kutandika mswala wake. Tena ana pumu, na ngazi za nyumba hizi zimesimama wima kama ngazi za mnazi. Ndipo Yusufu akaileta karavani, mpya kabisa, inanuka rangi. Tukaiingiza uani kwa uchochoro wa nyuma, tukasema hiki ndicho chumba cha Mama.

Yusufu mnamjua. Mlango ulioundwa na Yusufu ukifungwa, hata mchwa hupiga hodi. Huko Mombasa watu walimngoja miezi sita kwa kabati moja. Hapa anafanya kazi kiwanda cha biskuti, anafunika mikebe. Fundi mzima wa milango, kutwa anafunika mikebe! Mikono yake ilikuwa na njaa, jamani, nami nilikuwa nikiiona usiku inavyopapasa ukingo wa kitanda ikitafuta kasoro.

Kwa hiyo karavani ilipofika aliizunguka na kidole, kama daktari. Akatoka amenuna.

"Rukia, njoo uone kazi ya Wazungu," akaniambia. "Kitu kipya, na chini pana matundu mawili. Nyuma ya kabati pana jingine. Chini ya mlango pana jingine. Wameweka wavu wa waya juu yake, basi, wakajiona wamemaliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta!"

Hiyo methali ndiyo dini yake ya pili. Jumapili moja aliyaziba yote, kwa mbao, kwa puti, kwa rangi, na alipomaliza usingeweza kujua kwamba pamewahi kuwa na tundu. Mimi nilikata magazeti, nikayakunja vipande vyembamba, tukayashindilia kwenye kingo za madirisha. Nakiri mkono wangu ulikuwamo.

Sasa, ndani ya droo mlikuwa na karatasi, ile waranti. Ilisema kwamba kwa mwaka mzima kasoro yoyote itatengenezwa bure na waliouza, mradi asiiguse fundi mwingine. Tulipoisoma kazi ilikuwa imekwisha. Tukatazamana. Tukakubaliana kwamba hatujaigusa. Hakuna aliyetuuliza, kwa hiyo haukuwa uongo bado.

Mavyaa akaja kwenye baridi ya Novemba. Usiku wa kwanza tulimwashia hita ya mafuta ya taa, tukamfunika mablanketi manne. Asubuhi akatokea mlango wa jikoni, mtandio umerowa, amejishika kichwa.

"Mwanangu," akamwambia Yusufu, "nyumba yako mna mvua ndani."

Nje kulikuwa kukavu, umande umeganda juu ya nyasi. Ndani ya karavani dari ilikuwa ikidondoka, kuta zikitiririka, na godoro likikamulika. Hita ilikuwa imezima yenyewe na mafuta tele yamo. Tukasema inavuja. Maji yakitoka darini mtu huyaitaje?

Mavyaa akajaribu usiku tatu zaidi, mvua ile ile. Tukapiga simu walikoiuza. Wiki tatu zikapita, akaja kijana mmoja na bomba la gundi nyeupe ya mpira, akapaka viungo vyote kwa nje, akanywa chai yetu vikombe viwili, akaenda zake. Mavyaa akajaribu kulala usiku mmoja. Mvua ikazidi, na kichwa kikazidi. Tukapiga simu tena. Wiki nne. Akarudi yule yule na bomba lile lile, safari hii akapanda juu akalizungushia gundi dirisha la dari mpaka likawa halifunguki tena. Mavyaa akajaribu usiku mwingine, asubuhi akatapika. Kila wakiziba, maji yanaongezeka. Katika ukoo mzima wenye watu waliosoma, hakuna hata mmoja aliyeketi akalifikiria hilo.

Tulipokwenda dukani wenyewe, meneja alituambia kwa upole mkubwa kwamba sasa wataandika barua kiwandani, na kiwanda kitawajibu, na labda baada ya Pasaka fundi wa kiwanda atakuja. Ilikuwa Januari.

Mavyaa wakati wote huo alikuwa akilala sebuleni, chini ya ngazi, mahali wanaume wa familia nyingine wanapopita kwenda kazini alfajiri. Mwanamke wa Kibokoni, aliyevaa buibui tangu akiwa kigoli! Aliposikia Pasaka akakunja mswala wake.

"Mpaka Ijumaa ya wiki ijayo," akasema. "Chumba changu kisipokauka, nirudisheni kwetu."

Nanyi mnajua siku hizo zilivyokuwa. Mlango wa nchi hii ulikuwa unafungwa mbele ya macho yetu, leo sheria hii, kesho ile. Mzee kama yule akitoka, kurudi tena ni ndoto. Na Yusufu ni mwana wa pekee. Akirudi, basi hatamwona tena mpaka amzike, na pengine hata kumzika hatawahi. Usiku ule Yusufu hakula. Asubuhi akasema: "Ikiwa kiwanda hakiji kwa karavani, karavani itakwenda kwa kiwanda."

Southall mpaka kona ya kwanza

Gari lilitoka kwa Gurdev, jirani yetu, Kalasinga wa Nakuru. Ana gari la mizigo na moyo mkubwa. Huko nyumbani aliendesha malori mpaka Kampala, na mpaka leo akiwasha gari husema nalo kwanza. Yeye Kikutchi chetu cha nyumbani hakijui, sisi Kipunjabi hatukijui, Kiingereza chetu sote kinachechemea. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotupatanisha, ingawa chake ni kile cha bara ambacho Mavyaa akikisikia hufumba macho kama aliyeumwa jino.

Mavyaa hakuhesabiwa kwenye safari hii. Mpango ulikuwa abaki na Salma, binti yetu. Lakini tulipotoka baada ya sala ya alfajiri tulimkuta ameshakaa kiti cha mbele, kikapu magotini, sanduku dogo miguuni.

"Ni chumba changu," akasema. "Nitakwenda kukisemea mwenyewe."

"Mama, mbali sana," Gurdev akamsihi. "Barabara iko baridi."

"Nakuru hakuna baridi? Endesha."

Tukaendesha, hatua kumi. Kwenye uchochoro karavani ilikwama, kwa sababu mtu alikuwa ameegesha gari lake mahali pasipofaa, naye amelala na hajulikani ni nani. Nyumba nzima ikatoka, kanzu juu ya masweta, kandambili juu ya soksi, kila mtu na shauri lake. Ushauri ulitolewa kwa Kigujarati na Kipunjabi, matusi yakatolewa kwa Kiswahili. Hatimaye mwuza maziwa na wanaume sita walilinyanyua lile gari, wakaliweka kando kama meza. Saa moja na nusu imekwisha na bado tunaiona nyumba yetu. Salma alikuwa dirishani akipunga mkono, ameshatuaga mara nne.

Barabara kuu ya kaskazini

Wenzangu, msidhani kuvuta nyumba ni jambo la fahari. Kila kitu kilitupita. Malori yalitupita, mabasi ya shule yalitupita, likatupita gari lenye jeneza ndani yake. Gurdev hakukasirika. Kila gari likipita alilipungia mkono: "Pita, ndugu. Tutaonana mbele." Mavyaa alimtazama kwa upande.

"Huyo wa jeneza pia?"

"Huyo zaidi, Mama," Gurdev akajibu. Kwa mara ya kwanza tangu aje Uingereza nilimwona mavyaa yangu anacheka.

Mimi na Yusufu tulikuwa nyuma ya gari, juu ya godoro, katikati ya debe la mafuta ya taa na kikapu cha pili cha chakula. Nilikuwa nimekaanga viazi karai na kachri za muhogo, na mahamri ya kutosha arusi ndogo. Yusufu hakugusa. Alikuwa akitazama nje kwa kidirisha cha nyuma, macho juu ya karavani yake kama mtu anayevuta ng'ombe akihofia kamba itakatika.

"Wakiuliza kama tumeigusa?" nikamwuliza.

"Hatujaigusa."

"Yusufu."

"Rukia, wakijua wataitupa ile waranti. Waranti ikienda, karavani haitengenezwi. Karavani isipotengenezwa, Mama anaondoka." Akainama. "Nimeigusa wapi? Mimi nimeziba tu."

Nilijua hesabu yake ni sawa, nami pia sikutaka Mavyaa aondoke.

Mahali pa madereva

Adhuhuri tulisimama kwenye mkahawa wa madereva wa malori, banda lenye moshi na vioo vya ukungu. Tulitaka maji ya moto tu, kwa ajili ya chai yetu. Mwenye mkahawa, mama mmoja mnene mwenye kitambaa kichwani, hakuelewa kwa nini watu wanne waje kwake na chakula chao. Nilidhani atatufukuza. Badala yake alimtazama Mavyaa, akaenda jikoni akarudi na sahani ya maharagwe juu ya mkate, akamwekea mbele. "Huyu bibi amepigwa na baridi," akaniambia. "Mwambie ale."

Mavyaa akachovya ncha ya kidole, akaonja.

"Lo! Nani amewafundisha kutia sukari kwenye maharagwe ya nyanya?"

"Ndivyo yalivyo, Mama."

"Masikini," akasema kwa huruma ya kweli, akala yote. Kisha akatoa kikapuni viazi karai sita akamlipa mwenzake heshima. Yule mama akauma kimoja, akapiga kelele, akanywa maji, akauma cha pili. Tulipoondoka dereva mmoja alikuwa amesimama kwenye kaunta akiomba "vile vya manjano". Mavyaa alitembea mpaka garini kama mtu aliyefungua hoteli.

Mwanamke wa mayai

Karibu na saa kumi Gurdev aliona taa yake ya joto la injini imeanza kuwaka, tukasimama kando ya barabara ndogo karibu na kijiji ili gari lipumue. Mavyaa akateremka kunyoosha miguu, shali jekundu begani, bangili zake mkononi, karavani nyuma yake. Mimi nikaenda kutafuta maji.

Niliporudi nikakuta mwanamke wa Kiingereza amesimama mbele yake, amenyoosha kiganja. Mavyaa amekishika, anakitazama kwa makini.

"Anataka nini?" akaniuliza. "Nilimpa mkono wa salamu, hauachii."

Nikamwuliza yule mama. Akaona haya. Akasema watu wa karavani humsomea mtu bahati yake, na mwaka ulikuwa umemwendea vibaya, basi akaona hakuna ubaya. Nikamweleza kwamba sisi ni watu wa Mombasa na Southall, hatupigi ramli, na tunakwenda kutengeneza dari. Hakuniamini hata kidogo.

"Anataka umwambie yatakayomfika," nikamwambia Mavyaa.

"Astaghfirullah! Mimi mchawi?" Lakini kiganja hakukiachia. Akamtazama yule mama toka juu mpaka chini. "Mwambie goti lake la kushoto lahitaji mafuta ya nazi na apumzike. Na mwambie watu wa nyumbani kwake hawamsaidii."

Nikatafsiri. Yule mama akatokwa na machozi palepale. Alikuwa akichechemea na kubeba kapu zito peke yake, kila mwenye macho aliyaona hayo. Lakini kwake lilikuwa jambo la ajabu. Akakimbia nyumbani, kwa goti lile lile, akaturudia na mayai kumi na mawili. Mavyaa akayapokea na kuyapanga kikapuni moja moja.

Lango

Tulifika kiwandani lango linafungwa. Wafanyakazi walikuwa wanatoka kwa baiskeli. Mlinzi, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, aliisoma barua ya dukani kwa tochi yake akasema fundi mkubwa ameshaenda zake, njooni kesho saa mbili. Tuegeshe pale pale ukutani tukitaka, hakuna neno.

Basi tukajipanga kulala ndani ya karavani, sote. Gurdev na Yusufu upande huu, mimi na Mavyaa upande ule, na pazia katikati. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Yusufu akakagua kila ukingo wa dirisha, akashindilia magazeti yaliyolegea njiani. Mimi nikajaza hita mpaka juu, nikafunga kifuniko, kibiriti mkononi.

Mavyaa alikuwa bado nje, amesimama kwenye kidaraja cha mlango.

"Mimi silali mvuani," akasema.

"Mama, usiku mmoja tu," Yusufu akamwomba.

"Laleni nyinyi. Mimi nimelala humo usiku sita, zimenitosha maisha."

Akachukua sanduku lake dogo, akaliweka mbele ya lango la kiwanda, akalikalia. Akajifunga shali, akatoa tasbihi. Yusufu alimbembeleza, kisha akakasirika, kisha akaona aibu. Gurdev akazunguka akikuna ndevu. Mlinzi alikuwa akitazama kutoka kwenye kibanda chake, na nadhani kuwa na ajuza wa watu amekaa langoni kwake kwenye baridi ile ni jambo ambalo hakulisomea. Akaingia kibandani akapiga simu kwa mkewe. Baada ya dakika kumi tulikuwa sote tunamfuata, watu wanne na vikapu viwili, mpaka nyumba yake ndogo ya matofali mtaa wa pili.

Mkewe alikuwa ameandaa soseji za nguruwe, masikini, nyingi, zinatoa moshi. Mavyaa akafungua kikapu akampa mayai kumi na mawili kwa mikono miwili. Basi tulikula mayai, wakala soseji, na wote tukala mahamri. Tukalala juu ya makochi na mazulia yao, madirisha yakipiga kelele kwa upepo uliokuwa ukiingia kila upande.

"Nyumba nzima nyufa," Yusufu akaninong'oneza kabla hajalala. "Na Mama ametuaibisha mbele ya watu."

Kiwandani

Fundi mkubwa wa kiwanda alikuwa mtu mfupi, kimya, penseli nyuma ya sikio. Nilimwona Yusufu akiitazama ile penseli. Naye huweka ya kwake hapo hapo, mpaka leo, hata kwenye mikebe ya biskuti.

Alituingiza ndani ya karavani sote akaamuru tufunge mlango. Kisha vijana wake wawili wakaimwagia maji kwa mpira, juu, ubavuni, chini, kwa muda wa saa nzima. Tulikaa humo tunasikia kishindo kama cha masika. Tukaangalia dari. Halikudondoka hata tone.

"Haivuji," akasema alipofungua mlango.

"Inavuja!" Yusufu akasema. "Mama amelowa! Kitanda kimelowa!"

"Kuna mtu yeyote aliyeigusa, mbali na fundi wa duka?"

"Hapana," Yusufu akasema. Basi, sasa ukawa uongo.

Yule fundi akakuna kichwa. Akasema hana la kufanya, ila ataiweka hapo kiwandani wiki sita waichunguze polepole. Wiki sita, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Kisha, pengine kwa kutuhurumia tu, akaketi kwenye kitanda mkabala na Mavyaa akaniambia: "Mwulize yeye aliyelala humu. Mwulize usiku ulikuwaje tangu mwanzo mpaka mwisho."

Mavyaa alikuwa akilingoja swali hilo tangu Novemba.

"Mwambie nikiingia ni kuzuri, kuna joto. Kisha kifua kinakuwa kizito. Mwambie asubuhi kichwa kinatwanga kama kinu, na miguu haina nguvu. Mwambie hita yao hujizimia yenyewe, na mafuta yamo. Mwambie nikitoka nje nikivuta hewa, baada ya muda napona."

"Rukia," Yusufu akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, bila kunitazama. "Mambo ya kichwa yaache. Ya hita yaache. Mwambie maji tu."

Mashoga zangu, nilikuwa njia panda. Mume wangu upande huu, na waranti, na mikono yake, na heshima yake yote. Upande ule bibi kizee ambaye hajui Kiingereza na ameuamini ulimi wangu. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Nikatafsiri neno kwa neno, na kichwa, na miguu, na hita.

Yule fundi akaweka kikombe chake sakafuni. Uso wake ulibadilika rangi, nami niliona.

"Hita ilikuwa ikiwaka? Usiku kucha? Na yeye ndani?"

Hakungoja jibu. Akapiga magoti, akaanza kukunja mkeka.

"Ni mimi," Yusufu akasema. Kiingereza chake kilikuwa kifupi lakini kilitosha. "Matundu. Nimeziba mimi."

Basi tukaambiwa. Hita ya mafuta ya taa hutoa maji, karibu sawa na mafuta inayochoma. Ongeza pumzi za mtu, ongeza birika la chai, na karavani isiyo na pa kupumulia: mvuke unapanda, unagonga bati baridi, unashuka mvua. Hakuna kilichovuja. Mvua tulikuwa tukiitengeneza wenyewe. Lakini maji, akasema, ni jambo dogo. Hita ikikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu. Yale matundu hayakuwa uvivu wa mtu, yamewekwa makusudi. Hita kuzima yenyewe maana yake hewa ilikuwa imekwisha. Akauliza jana usiku tulilala wapi.

"Kwa mlinzi wako," nikasema.

"Na mlikuwa mmekusudia kulala wapi?"

Nilikumbuka kibiriti mkononi mwangu.

"Anasemaje?" Mavyaa akauliza. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe kama jiko la makaa," akasema.

Sawasawa kama jiko la makaa! Huko kwetu mtoto wa miaka mitano anajua hulali na jiko la makaa na mlango umefungwa. Lakini hili lilikuwa jiko la Kizungu, limetoka dukani, lina rangi nzuri. Tukaacha akili zetu uwanja wa ndege pamoja na maembe tuliyonyang'anywa.

Yusufu alikuwa ametoka. Nilimkuta nyuma ya rundo la mbao, ameikalia mikono yake, analia. Sijamwona akilia tangu tulipomzika babake. "Usiku sita," akasema. "Rukia, usiku sita." Nikakaa naye nikalia pia, maana magazeti niliyakata mimi.

Mavyaa akaja polepole, shali lake likiburura vumbi la mbao. Akamsimamia.

"Inuka," akamwambia. "Uliyeziba ni wewe. Zibua wewe."

Sasa sikilizeni. Waranti inasema asiiguse fundi mwingine. Yule fundi mkubwa alitoa patasi yake mwenyewe kwenye mfuko wa aproni, akaigeuza, akampa Yusufu upande wa mpini. Kisha akaenda dirishani akatazama nje, kana kwamba mvua inakuja. Yusufu alipiga magoti akafungua tundu moja baada ya jingine, taratibu, bila kukwaruza rangi. Yule fundi aligeuka mara moja tu, akapapasa kiraka kimoja kwa kidole, akatikisa kichwa. "Kazi nzuri," akasema. Gurdev, aliyekuwa mlangoni, akaongeza: "Fundi, wewe iko fundi mzuri sana. Mzuri mpaka hatari."

Mwishowe fundi mkubwa akapanda juu mwenyewe kufungua dirisha la dari. Akakuta gundi nyeupe ya duka lao wenyewe, nene kama mkono. Aliitazama kwa muda mrefu. Alipoteremka akawasha sigara, akaushusha moshi karibu na sakafu, sote tukauona unavutwa, unapanda, unatoka juu. Kisha akachukua karatasi akaandika kwamba imetengenezwa chini ya waranti. Nani kaharibu na nani katengeneza, karatasi haikusema. Sisi hatukuuliza, na yeye hakuuliza.

Kurudi

Kurudi hakuna masimulizi. Kila kitu kilitupita tena, na mkahawani Mavyaa aliulizwa kama ana viazi. Tulifika Southall Alhamisi jioni. Ijumaa Mavyaa alitandika mswala wake karavanini, akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Kikavu. Baridi ilikuwa kali, maana hita tumeiondoa. Akaomba blanketi la tano na chupa mbili za maji ya moto, akalalamika juu ya vyote viwili. Ya kurudi Mombasa hakuyataja tena.

Baada ya Pasaka, kama alivyoahidi meneja, mlango uligongwa. Ni yule kijana, na bomba jipya la gundi. Barua ya kiwanda imefika, akasema, ametumwa aje kuziba. Mavyaa alisimama kwenye kidaraja na mwiko. Salma ndiye aliyetafsiri, kwa Kiingereza chake kizuri ambacho sisi hatutakipata. "Bibi anasema chai atakupa," akamwambia, "lakini ukilitoa hilo bomba atakuvunja mkono." Alichukua chai.

Yusufu bado yuko kwenye mikebe ya biskuti. Lakini kila alfajiri, kabla hajaenda kazini, hutoka uani na kandambili, juu ya barafu au juu ya matope, akagonga karavani mara tatu.

"Mama?"

Mavyaa huwa ameamka zamani, mimi namsikia kutoka jikoni akivuta uradi. Humwacha angoje. Yusufu hugonga tena, na sauti yake hubadilika.

"Mama!"

"Mimi mzima! Funga mlango, baridi!"

Husukuma mlango kwanza amwone kwa macho yake. Kisha huurudisha, yeye ambaye mlango wake hata mchwa hupiga hodi, na huuacha wazi upana wa kidole kimoja.